Kuwafunda Wanaofunda

Katika semina za walimu kuhusu watoto waliopatwa na kiwewe, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa kabla ya chai ya saa nne: "Mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu?" Mkufunzi mchanga hulijibu kwa takwimu, na ukumbi mzima humnunia. Mkufunzi mzoefu hulipokea, hulinakili kwenye bango kitita kama lilivyosemwa, kisha huomba kila mmoja amkumbuke mwalimu aliyemwogopa kuliko wote. Ulikuwa darasa la ngapi? Ulipokuwa ukisikia viatu vyake mlangoni, tumbo lilikuwaje? Polepole watu wazima wenye wajukuu huanza kusimulia asubuhi walizojifanya wagonjwa, na somo walilolichukia hadi leo. Hakuna aliyebishiwa. Swali limerudi kwa wenyewe wakalijibu.

Ufundi huu ni mgumu zaidi Tanzania, kwa sababu mkufunzi hana sheria ya kuegemea. Kanuni za mwaka 2002 bado zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, kumchapa mwanafunzi viboko visivyozidi vinne. Kwa hiyo hawezi kusema "imekatazwa" akamaliza. Tena, walio mbele yake walikulia katika vipigo hivyo hivyo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Anayefundishwa kulinda watoto huenda naye hakulindwa.

Baada ya chai huja zoezi linaloonekana jepesi. Mwalimu amtaje mwanafunzi anayemsumbua, bila jina. "Mjeuri," anasema mmoja. Mkufunzi anauliza: jicho lako liliona nini? "Ana dharau." Jicho liliona nini? Baada ya raundi tatu au nne, linabaki jambo dogo: nikimsemesha hanitazami usoni, na mlango ukibamizwa anaruka. Sasa kuna kitu cha kufanyia kazi. Ndipo mkufunzi anapoeleza, kwa maneno machache, kwamba ubongo wa mtoto aliyeishi na kitisho hujifunza kukaa macho. Mwili hujiandaa kupigana, kukimbia au kuganda hata pasipo hatari, na hesabu za sehemu haziingii katika kichwa kilicho zamu ya ulinzi. Kisha huongeza jambo ambalo wengi hawakulitarajia: msimwangalie mpiga kelele tu. Yule mpole wa dawati la nyuma, asiyeuliza wala kujibu, naye pia yuko zamu.

Mchana ni wa igizo dhima, na hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Mwalimu mmoja anakuwa mwanafunzi aliyechelewa, mwingine anakuwa mwalimu wa zamu. Sauti inapopanda tu, mkufunzi anasimamisha igizo na kumuuliza "mwanafunzi": mikono yako iko wapi? Imejikunja kifuani, na mwenyewe hakujua. Wanarudia. Safari hii mwalimu anasogea naye kando, mbali na wenzake, anainama kidogo, anaita jina, anatoa nafasi ya kuchagua: utakaa hapa au karibu na dirisha? Wanarudia tena, mpaka maneno yatoke bila kutafutwa, kwa maana katika darasa la watoto 80 hakuna muda wa kuyatafuta.

Washiriki hurudia pia sentensi mbili, moja ya kuondoa na moja ya kuweka. "Niambie, sitamwambia mtu" inaondolewa, kwa sababu ni ahadi isiyotimizika. Inawekwa hii: "Nitawaambia wale tu watakaotusaidia." Mwalimu si tabibu, kazi yake ni kuona, kusikiliza bila kuhoji, na kujua njia inaelekea wapi: kwa mwalimu wa malezi na unasihi, afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au simu ya msaada kwa watoto, 116.

Ukitazama kwa subira utagundua kwamba mkufunzi amekuwa akiwatendea hivyo hivyo tangu asubuhi. Ratiba ilibandikwa ukutani, na ilipobadilika alisema mapema. Aliyechelewa alikaribishwa kwa jina. Aliyetokwa na machozi alitoka nje na mkufunzi msaidizi, na hakuna aliyemdai maelezo aliporudi. Walimu wanapata kwa mara ya kwanza, wakiwa watu wazima, kile watakachotakiwa kukitoa.

Kwamba ufundi huu unazaa matunda si dhana. Mafunzo ya walimu ya kuzuia ukatili yaitwayo ICC-T, yaliyofanyiwa utafiti na Mabula Nkuba na wenzake, huchukua siku tano na nusu. Katika shule 8 za sekondari za serikali nchini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha ukatili wa walimu ukipungua katika shule zilizopata mafunzo, kwa kauli za walimu na za wanafunzi pia.

Siku ya mwisho kila mshiriki huandika jambo moja atakalolibadilisha Jumatatu. Moja tu. Wakufunzi bora huomba pia ruhusa ya kurudi shuleni baada ya wiki kadhaa, wakae nyuma ya darasa na kuona. Bajeti nyingi hulipa ukumbi, chai na posho, kisha safari hiyo ya pili hukatwa kwanza. Anayetaka kuuheshimu ufundi huu aanze kwa kuigharimia.