Kiti cha Rambirambi

Wanaomkosoa Musalia Mudavadi hukimbilia upole wake. Hawezi kufoka jukwaani, wanasema, na siasa za Kenya hazina nafasi kwa asiyefoka. Sikubaliani nao. Wapole wengi wamepata kura. Kilichomponza Mudavadi, nionavyo mimi, ni mlango alioingilia.

Baba yake, Mzee Moses Mudavadi, alijitafutia mwenyewe. Alikuwa ofisa wa elimu huko Bonde la Ufa, akajuana na Daniel arap Moi tangu enzi za ualimu, na baadaye akawa mbunge na waziri mwenye sauti katika Magharibi nzima. Alipofariki mwaka 1989, kiti cha Sabatia hakikugombewa. Mwanawe, kijana wa miaka 28, alipita bila kupingwa, na haukupita muda akawa waziri. Wengi waliliona jambo lile kama rambirambi. Lakini, ndugu msomaji, rambirambi ni ya wafiwa. Kiti cha bunge ni cha wapiga kura, na wapiga kura wa Sabatia mwaka ule hawakuulizwa chochote.

Haki yake apewe. Alipokabidhiwa Wizara ya Fedha mwaka 1993, mfumko wa bei ulikuwa umepita asilimia 40 na wafadhili walikuwa wamefunga mifuko. Katika miaka yake pale, vizuizi vya fedha za kigeni viliondolewa, na Julai 1995 Mamlaka ya Mapato ya Kenya ikaanza kazi. Haya ni mambo ya kudumu, nami nashangaa kwamba yeye mwenyewe hakuyageuza kuwa hoja ya kuombea kura. Labda hakuona haja ya kuomba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye chake alikikuta mezani.

Mwaka 2002 ndio ulioonyesha hasara ya malezi hayo. Moi alipomteua Uhuru Kenyatta kuwa mgombea wa KANU, Mudavadi alianza pamoja na waliopinga, kina Raila Odinga, George Saitoti na Kalonzo Musyoka. Wenzake walitoka chamani; yeye akarudi. Novemba akazawadiwa umakamu wa rais, kwa matumaini dhahiri kwamba Waluhya wangemfuata. Hawakumfuata. Desemba NARC ilishinda, na Sabatia ikampa kiti mtu mwingine. Umakamu wake ulidumu miezi miwili tu. Wako wanaoiita ile aibu. Mimi naiona kuwa siku ambayo watu wa Sabatia walijibu swali ambalo hawakuulizwa mwaka 1989.

Alikirudisha kiti mwaka 2007 kwa tiketi ya ODM, safari hii kwa jasho, kisha akawa Naibu Waziri Mkuu. Ungedhani somo limeingia. Kumbe Desemba 2012 tunamkuta tena akingoja kupewa: mkataba ulitiwa sahihi kwamba Uhuru angempisha agombee urais kwa niaba ya muungano wao, na katika siku chache Uhuru akageuka. Watu walimcheka Uhuru kwa kusingizia nguvu za giza. Mimi nilimshangaa zaidi aliyeamini kwamba urais wa Kenya huachiwa mtu kwa karatasi. Alipogombea mwenyewe Machi 2013 alikuwa wa tatu, kwa kura zisizofika asilimia 4.

Mwaka 2022 hakugombea lolote. Alijiunga na William Ruto mapema, na baada ya ushindi akateuliwa Mkuu wa Mawaziri, cheo ambacho katiba ya 2010 haikitaji, kilichotoka kwa amri ya rais. Chama chake, ANC, alichokiunda mwaka 2015, kiliunganishwa na UDA mwanzoni mwa 2025. Mgombea yeyote wa Sabatia atakayetaka kutumia jina la chama hicho sasa, itambidi atafute kingine.