Gari la Mizigo Lililosimama Mbali na Ndege

Ndege ni Boeing 737-800, imeegeshwa katika uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ndani ya Microsoft Flight Simulator. Injini zimezimwa, mlango wa mizigo uko wazi. Gari la mkanda wa kupakulia linakuja, linapunguza mwendo, kisha linasimama mita kadhaa kabla ya kufika. Mkanda unanyanyuka pasipo na mlango, na masanduku yanaanza kuteremka kutoka hewani.

Fundi aliyeitwa kulitafuta kosa hagusi kibodi. Anaiacha shughuli iendelee hadi mwisho, kisha anamwomba mwenye kompyuta airudie. Safari hii anaizungusha kamera: lori la mafuta nalo limesimama pembeni, gari la chakula vilevile. Yote yamekosea upande uleule, kwa umbali uleule. Analiandika hilo kwenye daftari kabla ya jambo lingine lolote, na ndilo lililonifanya nivute kiti karibu. Kama kila gari lingepotea kivyake, tungeishuku milango ya ndege. Haya yamekubaliana: yote yanaamini kuwa ndege imeegeshwa mahali pengine.

Anaanza na maswali mepesi. Breki ya maegesho imefungwa? Taa nyekundu ya tahadhari imezimwa? Katika uwanja halisi wahudumu hawaisogelei ndege taa hiyo ikiwaka, na programu za huduma za ardhini huufuata utaratibu huo. Yote yako sawa. Anaibadilisha ndege, anachukua mojawapo ya zile zilizokuja na simuleta yenyewe. Kosa lipo palepale. Anairudisha 737 na kuipeleka Kilimanjaro. Huko gari la mkanda linafika hadi kwenye mlango wa nyuma upande wa kulia na kutulia. Kwa hiyo ndege haina hatia, na programu ya huduma za ardhini, inayoyaongoza magari, haina hatia. Imebaki Dar es Salaam.

Wengi wakifika hapa hufuta kila kitu na kusakinisha upya. Wakati mwingine hufaulu, lakini kosa huondoka bila kujulikana jina, na likirudi mtu huanza upya kama hajawahi kukutana nalo. Fundi huyu anataka kulijua.

Anafungua folda ya Community, zinakokaa nyongeza. Zipo 40, na majina mengi hayaelezi kilichomo. Simuleta huzisoma inapowashwa tu, kwa hiyo kila jaribio ni kuzima, kuwasha na kusubiri dakika kadhaa. Kuzijaribu moja moja kungekula siku nzima, kwa hiyo anazigawa nusu kwa nusu. Programu ya huduma inabaki daima, nusu moja ya nyongeza inahamishiwa folda ya pembeni, na kabla ya kila jaribio anaiagiza programu ijenge upya orodha yake ya viwanja, isije ikajibu kwa habari za jana.

Nusu ya kwanza: gari linafika mlangoni. Basi kosa liko nusu ya pili. Anaijaribu, na gari linafika mlangoni tena.

Mwenye kompyuta akashangilia, akidhani tatizo limekwisha. Fundi alinyamaza, akasoma daftari, akachora mstari kati ya makundi mawili. Mkosaji hayuko peke yake, alisema. Ni wawili, na tumewatenganisha. Sijaona fikra safi zaidi ya hiyo mbele ya kompyuta. Majaribio mawili yaliyofaulu aliyachukua kuwa ushahidi, hakuyachukua kuwa bahati.

Kuanzia hapo analiacha kundi la kwanza lote ndani ya Community na kuligawa la pili peke yake. Kosa linarudi, analifuata nusu baada ya nusu hadi folda moja. Folda hiyo anaishikilia, kisha anaanza kuligawa kundi la kwanza. Kila mara anabadilisha kitu kimoja tu, na kila jibu linaingia daftarini, hata lile analolitarajia. Chai imepoa pembeni yake.

Mwisho zinabaki folda mbili. Moja ni uwanja wa Dar es Salaam. Nyingine ni mkusanyo wa viwanja vya Afrika Mashariki, na ndani yake kuna faili yenye herufi HTDA, alama ya kimataifa ya uwanja huohuo. Maegesho yaleyale yameelezwa mara mbili, kwa vipimo vinavyotofautiana. Simuleta iliegesha ndege kwa vipimo vya faili moja, huduma zikafuata nyingine.

Hafuti chochote. Anamuuliza mwenye kompyuta anaupenda uwanja upi, anaiweka kando faili ya HTDA ya mkusanyo ule mwingine, anarudisha nyongeza zote zilizobaki na kujenga orodha upya. Lori la mafuta linasimama chini ya bawa la kulia, gari la mkanda linagusa kizingiti cha mlango, trekta linashika gurudumu la mbele na kuisukuma ndege nyuma. Kisha anaihamishia ndege kwenye maegesho mengine ya uwanja uleule na kuita huduma zote tena, moja baada ya nyingine.