Nomodeset ni panadol, si tiba

Umeweka Linux kwenye laptopu iliyotumika uliyonunua Darajani. Ukaiwasha, skrini nyeusi tii. Ukamuuliza mwenzako, akakujibu neno moja tu: nomodeset. Ukaliandika, picha ikatokea, ukamshukuru Mungu. Mimi nina ugomvi na jibu hilo.

Si kwamba ni la uongo. Linafanya kazi, ila hakuna anayekueleza limefanya nini. Kwa kawaida kerneli ya Linux huiachia draiva ya kadi ya picha, iwe ya Intel, AMD au nouveau kwa kadi za Nvidia, kazi ya kupanga ukubwa wa picha na kutambua skrini zilizounganishwa. Nomodeset huizuia draiva kufanya kazi hiyo. Unabaki na picha ya msingi tu, iliyoandaliwa na kompyuta kabla Linux haijaamka. Ndiyo maana maandishi yanaweza kuwa makubwa kupita kiasi, video zikakwamakwama, na waya wa HDMI ukawa pambo.

Haya, fikiria siku ya kutetea utafiti wako chuoni Tunguu. Walimu wamekaa, projekta inawaka, laptopu haiioni. Unailaumu projekta, kumbe lile neno uliloliandika miezi sita nyuma bado limo.

Basi litumie kama ufunguo wa kuingilia ndani, mara moja tu. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, liongeze mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha bonyeza F10. Ukiiwasha tena mashine, litakuwa limeondoka. Ukishaingia, andika `lspci -k` uone kadi yako ni ya kampuni gani na inatumia draiva ipi. Kisha `journalctl -k -b -1` ikuoneshe kerneli ililalamikia nini mara iliyopita. Kama draiva ya Nvidia umeshaiweka lakini haifanyi kazi, tazama Secure Boot: huwa inakataa draiva isiyo na saini inayoitambua. Na ukiwa na wasiwasi kama nomodeset bado limo, `cat /proc/cmdline` itakujibu.

Sasa lawama nairudisha kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya kuheshimika kabisa. Lakini menyu tunazisoma siku mambo yakiwa shwari. Siku ya skrini nyeusi kerneli inalalamika kwa Kiingereza, na sisi tunaoielewa tunampa mwenzetu amri ya kunakili, tunaondoka.

Kwa hiyo ukiulizwa tena, usiishie kwenye neno moja. Ongeza sentensi mbili za Kiswahili: neno hili linazuia nini, na litolewe lini. Mwenzako atafika Tunguu na picha yake ukutani.