Bamia Haingoji Jumamosi

Bustani ile ya nyuma ya nyumba ya kona mmeitazama tangu vuli. Mlipita kwenye uzio wa michongoma mkaona matuta yakinyanyuliwa, samadi ikichanganywa, nyanya zikiwekewa mambo. Sina haja ya kuwasimulia upya. Ninachotaka kukizungumzia ni uamuzi uliotolewa Jumatatu ya wiki iliyopita, tena mbele ya mashahidi: kwamba bamia zisichumwe tena mpaka Jumamosi, ili ziwe nyingi, na wageni wakija wale mavuno ya bustani yenyewe. Nia ilikuwa njema. Uamuzi ulikuwa mbovu, na uliharibu vitu viwili kwa mpigo: chakula cha siku ile na mavuno ya wiki zinazofuata.

Tuanze na ua. Ua la bamia hufunguka asubuhi, la manjano, na ndani kooni lina rangi ya damu ya mzee. Jioni ya siku hiyo hiyo limeshanyauka. Kuanzia hapo hesabu siku nne hadi sita, bamia iko tayari, yenye urefu wa sentimita saba hadi kumi. Kwa joto hili la kaskazi siku ya saba ni ya kubahatisha, na ya nane usijisumbue.

Sasa chukueni kalenda. Jumapili wenye bustani walichuma, na walichuma vizuri: kila kilichotimiza siku tano kilitoka. Zikabaki zilizochanua tangu Jumatano na kuendelea. Hizo za Jumatano zilikuwa tayari Jumatatu, siku ile ile uamuzi ulipotolewa. Zilikuwa zinaning'inia pale, laini, zinangoja mkono tu. Zikaachwa. Ilipofika Jumamosi zilikuwa na siku kumi. Za Alhamisi zilikuwa na tisa, za Ijumaa nane, za Jumamosi saba. Za Jumapili, Jumatatu na Jumanne ndizo pekee zilizokuwa kwenye wakati wake. Maua ya siku saba, nao wakavuna ya siku tatu. Kapu lilijaa kweli, nalo lilipigwa picha, lakini zaidi ya nusu ya kilichokuwa ndani yake kilikuwa mbegu ya msimu ujao, si mboga.

Jikoni mambo yalijionyesha mapema. Nilikuwa nimekaa karibu na mama aliyekuwa akikata. Bamia za kwanza alizipitisha kisu bila kuangalia, mkato wa mshazari, zikaangukia kwenye ungo. Kisha kisu kikakwama. Akakisukuma, ganda likachanika kwa urefu badala ya kukatika, nyuzi nyeupe zikabaki zimeshikilia vipande viwili. Akamwambia binti aliyemletea kapu, "Mwanangu, hizi nani kazichuma?" Binti akasema zimechumwa asubuhi ile. Mama akazipima moja moja kwa kidole gumba: anaipinda ncha, ikivunjika kwa mlio anaikata, ikigoma anaiweka kando. Lakini wageni walishafika, changu na tui vilishakuwa jikoni, na sehemu ya zile za kando zikarudishwa ili sufuria itoshe. Mliokula mnajua kilichofuata. Ukingoni mwa kila sahani palikuwa na vifundo vya nyuzi vilivyotafunwa vikashindikana.

Hiyo ni hasara ya sahani. Ya shina ni kubwa zaidi, na ndiyo inayoniuma. Mbamia unaishi ili upate mbegu. Ukiuchuma mapema, unaendelea kutoa maua ukitafuta mbegu ambazo hujauachia. Ukiliacha tunda likomae, chakula chote kinaelekezwa huko, na kasi ya maua mapya inashuka. Nendeni mkaangalie leo. Wiki mbili zilizopita karibu kila kwapa la jani kule juu lilikuwa na tumba au ua. Sasa mtaona makwapa matupu yamefuatana.

Utetezi nimeusikia: zikichumwa kidogo kidogo hazitoshi kupika kwa watu wengi. Hauna uzito. Chuma Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, usizioshe, zikaushe unyevu, zifunge kwenye karatasi, uziweke kwenye friji upande usio na baridi kali. Siku chache hizo zinavumilia. Asiye na friji azipasue azikaushe, atapika mlenda hata mwezi ujao. Njia zipo, na mwenye bustani anazijua.

Na kwa kuwa nimeitaja friji, narudia nililolisema miaka yote katika safu hii: bamia siku mbili tatu sawa, nyanya hapana. Nyanya ikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzijoto 12 inapoteza harufu, na ikipoteza harufu imebaki maji mekundu. Kuna nyumba naingia nakuta nyanya za bustanini zimepangwa kwenye friji kando ya soda, nakosa hata la kusema.

Wa zamani hawakuziacha bamia zingoje mgeni. Bibi yangu kule Pangani alikuwa na mibamia michache tu kando ya kisima, na hakuruhusu siku mbili zipite. Umande haujakauka, yuko pale, mikono ameifunika kwa kanga kwa sababu majani yanawasha. Akipata bamia tano anazitia kwenye mchuzi wa watu wanane, na kila mtu anakutana nayo. Tulioanza shule baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tulikuwa na mashamba ya shule, na ilipokuja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, 1974 hadi 1975, mwalimu wetu wa bustani aliweka zamu ya kuchuma iliyobandikwa mlangoni. Zamu hiyo haikujali Jumapili wala mgeni wa wilaya. Mkaguzi akija anakuta shina limechumwa, lina maua, na bamia changa za kesho. Hilo ndilo lilikuwa onyesho. Leo tunataka mgeni aone kapu limefurika, shina hatulitazami.

Mengine ya bustani ile yako vizuri. Matandazo ni ya kutosha, ngogwe ni safi, na nyanya, aina ya Tanya iliyotoka Tengeru mwaka 1997, zilichumwa zikianza kugeuka rangi zikaivia ndani kivulini, kama inavyopasa, maana joto likipita nyuzi 30 wekundu hautengenezeki sawasawa juani. Mchicha ulikatwa, haukung'olewa, kwa hiyo unachipua tena. Wale wanaong'oa mchicha wa nyumbani na mizizi yake, kana kwamba wanaupeleka sokoni, tutakutana siku nyingine.

Wenye bustani, kwa mibamia kazi ni ya leo. Ondoeni matunda yote yaliyokomaa, hata yale mnayoyaonea huruma. Kwa kuwa mbegu ni Clemson Spineless, si chotara la dukani, mnaweza kuacha matunda mawili kwenye shina moja lenye afya, mkalifunga uzi ili mchumaji alitambue. Shina hilo litapunguza kuzaa, na ni sawa, limepewa kazi hiyo. Mengine yachumwe kila baada ya siku moja hadi mwisho wa Februari. Yakionekana yamechoka, yakateni kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, mtie samadi, mvua za Machi zikute yanachipua. Ua la kwanza likifunguka kwenye machipukizi hayo, andikeni tarehe, na siku ya tano mtu aingie na kisu, awe na mgeni nyumbani au asiwe naye.