Samaki, Tofaa na Koroma

Katika lugha ya Kiingereza liko neno "codling" lenye maana mbili: mtoto wa samaki aitwaye cod, akaaye katika bahari za baridi za kaskazini, na tofaa la kupikwa, au lile lisilopevuka bado. Kwa kuwa maana zote mbili zaelekea uchanga, mtu wa haraka atasema kwamba shina ni moja. Sivyo.

Neno la samaki ni jina lake pamoja na kiishio "-ling", kinachoonyesha udogo. Lakini tofaa katika karne ya 15 liliandikwa "querdling", na wataalamu hudhani kwamba asili yake ni Kifaransa kilichosemwa Uingereza, "quer de lion", yaani moyo wa simba. Ndimi za watu zililigeuza kidogo kidogo hata likafanana na la samaki. Nasi twajua jambo hili: kaa wa pwani na kaa la moto wamekutana katika sauti tu, wala hapana atafutaye undugu wao.

Faida ya uchunguzi huu yaonekana katika tafsiri. Katika mchezo wa Shakespeare "Twelfth Night", ulioandikwa yapata mwaka 1601, Malvolio aulizwa umri wa mjumbe aliyesimama mlangoni, naye ni Viola aliyejivika nguo za kiume. Amfananisha na "codling" iliyokaribia kuwa tofaa. Mfasiri atakayeishika maana ya kwanza ya kamusi atamleta samaki jukwaani, na mzaha utakufa. Atakayeandika "tofaa bichi" hatakosea, lakini tofaa la watu wa pwani ni tunda jekundu la mtofaa, wala si lile la Ulaya; na tena "bichi" halionyeshi kukaribia.

Kiswahili kina hazina yake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Koroma si dafu tena, wala si nazi bado. Hivyo ndivyo Malvolio amwonavyo yule kijana, aliyeuacha utoto asiufikie utu uzima. Kwa maoni yangu mfasiri na aandike koroma. Asili ya neno yatuepusha na samaki. Lakini neno la kuliweka mahali pake halimo katika asili hiyo, limo katika minazi yetu.