Bodkin ya Hamlet

Hamlet anapowaza kujiua, katika uzungumzinafsia wake wa tendo la tatu, Shakespeare hampi upanga. Anampa bodkin. Kwa Waingereza wa miaka ya 1600 hivi, jina hilo lilikuwa la kisu chembamba chenye ncha kali, lakini pia la msharasi wa kutobolea ngozi, la sindano nene na la pini ndefu ya nywele za mabibi.

Je, alilazimishwa na mizani? Hapana. Dagger, neno la kawaida la kisu cha vita, nalo lina silabi mbili zenye mkazo kwenye ya kwanza. Lingekaa palepale na mdundo usiguswe. Tena analitumia katika onyesho linalofuata, Hamlet anapojiapiza kumchoma mama yake kwa maneno, si kwa chuma. Basi bodkin ilichaguliwa kwa makusudi.

Tazama kinachoitangulia. Hamlet anarundika mizigo ya dunia: dhuluma ya wenye nguvu, dharau ya wenye kiburi, penzi lililokataliwa, kesi zisizokwisha, jeuri ya maofisa. Orodha inarefuka hadi msemaji anaishiwa pumzi. Ndipo linapokuja neno la wahasibu, quietus, yaani hati ya kuthibitisha kwamba hesabu imefungwa. Na deni lote hilo linafutwa kwa nini? Kwa kijichuma cha kushonea! Kivumishi chake, bare, kina maana mbili, kama "tupu" yetu: kisu kilichochomolewa alani, na kisu basi, hakuna zaidi. Sauti ya b inagonga mara mbili mfululizo, kisha, ndani ya mstari uleule, linafuata swali lenye kitenzi cha kubeba mizigo, bear, kinachotamkwa sawasawa na bare. Sikio limekwisha kuunganisha chuma na mzigo kabla akili haijafika. Huo ni ufundi wa hali ya juu.

Neno lenyewe halikuwa la kudharauliwa. Chaucer, katika karne ya 14, aliandika kwamba Brutus na wenzake walimchoma Kaizari kwa bodkin.

Mfasiri wa Kiswahili akiandika "jambia" atakuwa amepotoka: jambia limepinda, ni pana, na huvaliwa kwa fahari. Afadhali "shazia", sindano ya kushonea magunia. Hoja ya Hamlet inategemea udogo huo: chombo cha kufia kiko karibu na ni rahisi, na kinachomzuia ni hofu ya yaliyo ng'ambo ya kifo.