Jicho la Jack Elam

Wasemao kwamba Jack Elam aliajiriwa kwa sura tu hawakumtazama vema. Ni kweli, jicho lake la kushoto, lililopofuka utotoni, lilimfunga miaka mingi katika ujambazi wa sinema za kauboi na wa michezo ya televisheni kama Gunsmoke. Lakini mtazameni katika "Once Upon a Time in the West" (1968), kituoni, akingoja treni. Nzi anamtambaa usoni, hampigi. Anampuliza, anamvizia, hata anamnasa ndani ya mtutu wa bastola, kisha anausikiliza mvumo wake kwa furaha ya kitoto. Neno halimtoki, na punde atauawa. Mwaka 1969, katika "Support Your Local Sheriff!", jicho lile lile lilichekesha watu.